Leteni Beseni Kwanza: Maisha ya Mama Beseni, Fundi wa Mashine za Kufulia

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha uani cha nyumba ya mwisho kabla ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi rangi na mama aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Mtoto wa pili ni mdogo wake huyu anayewasomea, ambaye familia imemwomba asirefushe na asimseme mtu. Atajitahidi. Wengi wenu hamkumjua kwa jina jingine ila Mama Beseni, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina la kwenye vyeti aligeuka kutazama nyuma, aone anayeitwa ni nani.

Mama yao alifua kwa mikono, kwenye beseni la bati lililopauka kwa sabuni. Marehemu alijifunza kusimama akiwa ameshika ukingo wa beseni hilo, na siku aliyolipindua, maji machafu yalienda moja kwa moja kwenye mashuka ya mteja yaliyokuwa yameshakauka. Alikula kofi. Kisa hicho alikisimulia kwa fahari, utadhani alipewa zawadi. Kuna kingine ambacho hakukisimulia akicheka. Msimu wa baridi mikono ya mama yao ilipasuka mpaka akashindwa kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe, na binti mkubwa ndiye aliyemfungia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Ukitaka kujua kwa nini alizipenda mashine za kufulia namna ile, anzia hapo.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza la saba mwaka 1970. Hesabu alizimudu, kukaa kimya kulimshinda. Alipokuwa darasa la tano saa ya ukutani ilisimama. Mwalimu alitoka kwenda kuazima nyingine, na aliporudi aliikuta ile mbovu iko mezani, tumbo wazi, na mwanafunzi mmoja ameinama juu yake kama daktari. Saa ilirudishwa ukutani ikatembea vizuri kabisa, ila skrubu moja ilibaki mezani na hakuna aliyejua ilikotoka. Alichapwa kwa ajili ya ile skrubu, na hata uzeeni alikubali kwamba adhabu ile ilikuwa ya haki. Tangu hapo kila skrubu aliyoitoa mahali aliilaza kwa mpangilio, ya kwanza kutoka ikiwa ya mwisho kurudi, na ole wako upite ukazivuruge.

Baba yao alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, masomo ya sekondari yakaishia hapo, na mwaka 1974 marehemu aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka. Mashine za pale zilikuwa kubwa, zenye milango ya kioo, na zilikuwa na fundi wake, mzee mmoja asiyecheka, ambaye kabla ya kufungua chochote aliweka kiganja ubavuni mwa mashine akafumba macho. Msichana wa mashuka akaanza kumwiga kwa mzaha. Siku moja mzee alimkuta amefumba macho hivyo hivyo, badala ya kumfukuza akamuuliza anasikia nini. Akajibu kwamba anasikia kitu kinagongagonga kila pipa likizunguka. Mzee akafungua, na humo ndani akatoa mkasi wa wauguzi. Kuanzia wiki ile msichana alikunja mashuka asubuhi na kushika spana mchana, na jioni akasoma masomo ya umeme mpaka akapata cheti chake mwaka 1979.

Mashine zilipoanza kuingia kwenye nyumba za watu wa kawaida, alianza kuitwa siku za mapumziko, na mwaka 1988 aliaga hospitali akawa fundi wa majumbani moja kwa moja. Hakuwa na duka. Alikuwa na begi la turubai, tochi, mswaki mkuukuu, na namna yake ya kufanya kazi ambayo mafundi wenzake waliiona ni wazimu: hakuitengeneza mashine yako. Aliingia, akasalimia, akasema "Leteni beseni," kisha akavuta kigoda akaketi. Beseni likifika, na taulo kuukuu juu yake, alikuelekeza wewe mwenye nyumba upige magoti uanze kazi. Ukinung'unika kwamba umemwita fundi ili kazi aifanye yeye, alikuambia kwa upole kabisa kwamba mashine ni yako, unaishi nayo, na yeye amekuja kuwatambulisha tu.

Basi wengi mliokaa hapa mmepigishwa magoti na marehemu, na msijifanye hamkumbuki. Chomoa plagi. Funga bomba la maji. Tandika taulo, sogeza beseni chini ya kile kimlango kidogo cha mbele, fungua chujio kidogo kidogo, maji yakijaa kaza, mwaga, fungua tena. Mwenye pupa aliyelifungua lote kwa mpigo aliogelea sebuleni, na marehemu alimwacha apige deki mwenyewe. Maji yakiisha ndipo chujio hutolewa, tochi ikamulikwa ndani, na kidole kikazungusha kile kifeni kidogo cha pampu kinachosukuma maji, kuona kama kinacheza. Huko ndani yalitoka mengi: vifungo, sarafu, soksi za watoto wachanga, hereni ambayo haikuwa ya mke wa nyumba, na siku moja meno ya bandia ya babu wa watu, ambaye alikuwa amewalaumu wajukuu mwezi mzima. Vyote alimkabidhi mwenyewe bila kusema neno. Nyusi tu ndizo zilizopanda.

Mwoka mikate wa barabara ya chini aliwahi kumwita akitetemeka, anasema mashine yake ina jini, maana kila ikifika kwenye kukamua inatembea mpaka mlangoni. Marehemu aliweka glasi ya maji juu yake, akamwonyesha jinsi maji yalivyolalia upande mmoja, kisha akampa spana akaze mguu uliokuwa hausimami sakafuni. Alimwonya pia aache kufua blanketi moja peke yake, kwa sababu likilowa hujikunja upande mmoja na kuivuruga mashine. Wenye mashine zisizoingiza maji aliwafungulisha mpira wa nyuma, wakakuta kichujio kidogo kimejaa mchanga wa bomba, wakakisugua kwa ule mswaki. Wenye mashine zinazonuka aliwafutisha raba ya mlango, mkunjo kwa mkunjo, akawaamuru waache mlango wazi wakishafua. Kuhusu sabuni aligombana na mtaa mzima. Alisema povu linakufurahisha wewe, nguo halizisaidii kitu, na mkono wako wa kumimina upunguze uhodari.

Wala hakujitia ushujaa. Mashine ikinuka kuungua, au swichi kuu ya umeme ikirudishwa na kujizima tena, alikataza mtu yeyote kuigusa, na yeye mwenyewe hakuigusa mpaka umeme umekatwa na ameridhika. Ukimharakisha hapo, ndipo ungemjua.

Sasa tuje kwenye ndoa. Mwaka 1982, siku ya mapumziko, aliitwa kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye wapangaji wengi na mashine moja ya wote. Pampu ilikuwa inaunguruma bila kutoa maji. Chujio lilipofunguliwa vilitoka pini, pini nyingine, na kipande cha chaki bapa. Marehemu akaviweka kiganjani akauliza mle ndani fundi cherehani ni nani. Nyuma ya mlango wa jikoni sauti ya kiume ikauliza, "Anatafutwa kwa wema au kwa ubaya?" Akatoka kijana mwembamba, futi ya kupimia shingoni, mfuko wa shati umejaa pini mpaka umeinama. Marehemu alimwambia akirudia atamshonea mfuko huo ufungwe kabisa. Kijana akamtazama vidole akasema, "Wewe huwezi kushona." Na ilikuwa kweli, hakuweza hata kifungo. Pampu ile iliziba tena mara kadhaa msimu ule, na hakuna mpangaji aliyeamini kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 3 Desemba 1983. Gauni la harusi alilishona bwana harusi mwenyewe, akalipiga pasi mwenyewe, na akasahau pini moja kwenye pindo. Picha ipo ukutani kwao: bibi harusi amekunja uso, wageni wakasema binti ana haya. Haya gani. Ilikuwa inamchoma kifundo cha mguu tangu mlangoni, na alivumilia mpaka keki ikakatwa ndipo akainama kuitoa, akamkabidhi mumewe mbele ya wazee wote.

Nyumba yao ilikuwa na mafundi wawili, na kila mmoja alimwita mwenzake Fundi. Mtu akibisha hodi akaita "Fundi," vilichungulia vichwa viwili, kimoja kutoka bafuni na kingine kutoka kwenye cherehani. Walijaliwa binti na kijana. Waligombana, naam, lakini juu ya jambo moja tu. Kila siku ya kufua marehemu alimsimamisha mumewe kwenye mlango wa bafu, mikono juu kama mshukiwa, akampekua mifuko, akatoa pini, chaki, vifungo na nyuzi, akavipanga kwenye kisahani. Kisha akachukua nguo akafua. Miaka yote hiyo, yeye aliyempigisha magoti mwoka mikate, mwalimu mkuu na mama mkwe wa watu, hakumwonyesha mume wake hata kitufe cha kuwashia. Akiulizwa alisema huyu ni wangu, namjua, nitampekua mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 pumzi zilianza kumwishia kwenye ngazi. Daktari alisema ni moyo, umechoka, akampa dawa na kumkataza kubeba, kuinama na kukasirika. Mawili ya kwanza aliyatii. Alikonda, nguo zikaanza kumning'inia, na wateja wakaelekezwa kwa simu, naye amelalia mito, "Leteni beseni" ikipita hewani. Hakuonekana kuogopa. Watu walikuja kumfariji wakaondoka wamechekeshwa. Lakini jambo moja lilimkosesha raha, na alimwambia mdogo wake akiwa amemshika mkono: "Nimefundisha mtaa mzima, nimemwacha wa kwangu. Nikiondoka, atavaa nini yule?"

Basi kiti kikawekwa kwenye mlango wa bafu, marehemu akafunikwa miguu kwa kitenge, masomo yakaanza. Jamani. Yule bwana, ambaye hupima kiuno cha mtu kwa jicho na hakosei, alisahau sabuni. Akikumbushwa sabuni, alisahau kufunga mlango. Alichanganya nyeupe na nyekundu, mashuka yakatoka na rangi ya waridi, na mpaka leo watu wanalalia hayo hayo. Aliambiwa ageuze kitufe kulia akageuza kushoto. Marehemu alivumilia wiki baada ya wiki, kisha siku moja alimtazama vizuri, kiganja kikiwa kimelala ubavuni mwa mashine kama kawaida yake.

"Fundi, unafanya makusudi."

Mumewe alikuwa amepiga magoti, hakugeuka. "Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ukiona nimejua, utaridhika. Ukiridhika, utaondoka."

Marehemu alicheka mpaka binti yao akaja mbio na dawa. Alipopata pumzi alimwambia, "Nitaondoka hata usipojua. Tofauti ni kwamba nguo zako zitakuwa chafu." Kisha wakalia wote wawili, pale pale bafuni, na mashine ikaendelea kusuuza.

Kuanzia siku hiyo bwana alijifunza kweli. Alipima sabuni kwa kijiko, alitenganisha rangi, aliacha mlango wazi, na alijipekua mwenyewe, mikono juu, akijigeuza mbele ya mkewe ili akaguliwe. Alijipekua vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo tatizo jipya lilipozuka: chujio halikuziba. Lingezibaje, na mifuko mitupu? Namna ya kufungua chujio aliisimulia kwa mdomo bila kukosea neno, ila marehemu hakuridhika na mdomo. Alisema kichwani anajua, mikononi hajui, na siku likiziba nyumba imejaa watu atababaika. Alifikia kutaka kutumbukiza kifungo makusudi amjaribu, binti yake akakificha. Hivyo akaishi miezi yake ya mwisho, ametulia, ameridhika na kila kitu, kasoro hilo moja.

Jumapili, tarehe 14 Julai 2024, mchana, alikuwa kitandani kwenye chumba kinachopakana na bafu. Mumewe alikuwa amefua mashuka na amekaa karibu naye akichonga chaki. Kupitia ukutani ulisikika mvumo wa mashine, ukipanda taratibu. Marehemu aliuliza, "Imemaliza?" Mumewe akamjibu kwamba bado, inakamua. Akasema, "Inakamua vizuri," akafumba macho kama alivyozoea kufanya akisikiliza. Mashine ilipotulia mumewe alimwambia imemaliza, na hakujibiwa.

Familia ilipojadili avae nini, mumewe alisema gauni la buluu, lile alilomshonea siku binti yao alipohitimu ualimu. Lilikuwa limemwia kubwa mno. Alikaa kwenye cherehani akalipunguza, hakutaka msaada, na alipomaliza lilikuwa na alama za chaki na tone la mafuta ya cherehani kwenye kiuno. Akalipeleka kwenye mashine. Alijipekua mifuko, akaipekua na mifuko ya gauni, akapima sabuni, akawasha. Mashine ilifua, na ilipofika kwenye kutoa maji ikaunguruma na kusimama. Gauni lilikuwa likielea ndani ya kioo, maji yamejaa, mlango umejifunga, na nyumba nzima imejaa waombolezaji.

Hapa familia ilibabaika, tuseme ukweli. Mdogo wa marehemu alitaka kuuvunja mlango ule na kulifua gauni kwa mikono kama mama yao. Kijana alisema anunue jingine. Binti alichukua simu atafute fundi, na namba ya kwanza iliyotokea ilikuwa ya mama yake. Alibaki ameishika tu. Ndipo baba yao akapita katikati ya watu, akiwa amekunja mikono ya shati.

"Leteni beseni," alisema.

Akachomoa plagi. Akafunga bomba. Akatandika taulo, akasogeza beseni, akafungua chujio kidogo kidogo, maji yakajaa akakaza, binti akamwaga, akafungua tena. Hakuharakisha. Majirani walijazana mlangoni, kila mmoja anajua hatua inayofuata, na hakuna aliyethubutu kumwelekeza. Alipotoa chujio alimulika ndani kwa tochi ya marehemu, akaingiza kidole, akazungusha, akavuta. Ilikuwa pini. Haikutoka mfukoni. Aliisahau mwenyewe kwenye pindo la gauni wakati wa kulipunguza.

Akaanza kucheka, cheko lile la kutikisika mabega, machozi yakimtiririka, akasema huyu angenichamba mpaka kesho. Alirudisha chujio, akakaza, akachomeka plagi, akaweka kiganja ubavuni mwa mashine. Maji yakatoka. Gauni analolala nalo leo ndilo hilo, na mliomwona mmeona jinsi lilivyomkaa.

Mama Beseni ameacha mume wake, fundi cherehani. Binti yao, mwalimu. Kijana wao, dereva wa lori, na mke wake. Wajukuu wawili wa kike, ambao tayari wanagombania ule mswaki. Mdogo wake aliyemaliza kuwasomea bila kumsema mtu, takriban. Na nyumba nyingi ambamo mtu anajua kupiga magoti mbele ya mashine yake mwenyewe. Mnaotaka kumpa pole mume wake, amesimama hapa mbele, kwenye koti jeusi. Pini ile ameichomeka kwenye kola, upande wa moyo, na amekataa kuitoa. Mtakapomkumbatia, angalieni isiwachome.

Imemaliza, Dada. Imekamua vizuri. Pumzika kwa amani.